Maili Thelathini na Tisa za Kajuju

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kajuju, umekuwa wapi? Usinijibu. Najua ulipo. Uko Nairobi, ofisi ya ghorofa ya saba, na lifti inafanya kazi, umeniambia mara nne. Krismasi mbili zimepita. Paka uliyemwacha mdogo sasa ni bibi kama mimi. Mti wa avokado uliopanda na babu yako umezaa, tumekula, umekosa. Vizuri!

Daftari hili uliliacha kwenye kochi. Ukurasa mmoja tu ulikuwa umeandikwa, mambo ya ofisi. Nimeuchana nikawashia moto. Kurasa zilizobaki ni zangu. Shule sikwenda hata siku moja, unajua. Herufi alinifundisha babu yako Muthamia kwa kidole, kwenye vumbi la boneti ya Landi, Land Rover yake kuukuu, na nikikosea alifuta kwa kiwiko. Ndiyo maana herufi zangu ni kubwa. Boneti ni pana.

Sasa sikiliza mpango.

Namba za kuhesabu maili kwenye mita ya spidi zimesimama kwa 99,961. Zimesimama tangu mwaka wa mwisho wa Muthamia. Alisema mita imechoka kama yeye, tuiache. Tukaiacha. Lakini siku ya mazishi yake, mbele ya mchungaji na sufuria zote za kanisa, ulinishika mkono ukasema: Juju, bibi yangu, Landi ikifika sufuri nipigie simu, nitakuja hata kama ni siku ya kazi. Kwa sababu ni wewe uliyekuwa ukikaa kiti cha katikati, miguu haifiki chini, ukimsomea babu namba kwa sauti kama mtangazaji wa redio. Na yeye alikuahidi kwamba siku namba zote tano zitakapogeuka sufuri, mtapiga honi kutoka lami mpaka langoni, na mbuzi atachinjwa.

Basi. Kutoka hapo mpaka sufuri ni maili thelathini na tisa. Natengeneza mita. Naendesha maili thelathini na tisa. Nakupigia. Unakuja. Hakuna mambo ya "mwezi ujao, Juju". Hiyo mwezi ujao yako naijua hata kabla hujafungua mdomo.

Gladwell wa ng'ambo ya ua asijue. Jana watoto wake walikuja na magari matatu, wakayaegesha mlangoni mwa kanisa mpaka mchungaji akaingia kwa dirisha. (Hakuingia kwa dirisha. Lakini ilibaki kidogo.) Gladwell akaniuliza kwa sauti ya asali: na wako, Mama Gitobu, ni wazima? Nikamwambia ni wazima kuliko meno yake. Ameweka meno mapya.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeanza kazi. Nimeingia chini ya dashibodi kichwa kwanza, miguu nje. Aliyepita njiani ameona alichoona, shauri yake.

Kuna mrija mweusi, mrefu, unaotoka kwenye giaboksi mpaka nyuma ya mita. Muthamia aliniambia zamani: ndani ya mrija kuna waya. Gari ikitembea, gia ndogo inazungusha waya, waya unazungusha mita. Kama kisagio cha nyama tu. Kwa hivyo ugonjwa uko kwa gia, au kwa waya, au kwa mita yenyewe.

Mimi nikaamua ni ukavu. Kila kitu kikizeeka hukauka, magoti yangu ni mashahidi. Nikayeyusha mafuta ya kupikia, kikombe kizima, nikafungua mrija pale nyuma ya mita, nikamimina. Yaliingia yote! Mrija ulikunywa kama mtu aliyetoka kuchuma kahawa. Hapo ningejiuliza. Sikujiuliza.

Nikaendesha mpaka kiwanda cha kahawa na kurudi. Mshale haukusogea hata unywele. 99,961. Landi inanukia chapati. Mbwa watatu wamenifuata mpaka nyumbani.

Jumatano, 6 Agosti

Siafu! Wameingia Landi usiku kucha, wamefuata mafuta. Msururu kutoka gurudumu la nyuma mpaka usukani, wamejipanga vizuri kuliko kwaya. Nimepiga viti kwa ufagio asubuhi yote.

Gladwell akaja uani kuuliza gari imenikosea nini. Nikamwambia nasafisha, kwa sababu Kajuju wangu anakuja. Uongo mdogo. Nilitaka tu kuona uso wake.

Akauliza, Kajuju? Anakuja kweli? Lini? Nikasema karibuni. Akauliza tena kama nina hakika. Kisha akaenda zake ndani bila kunitukana. Mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa! Nimeshindwa kulala usingizi wangu wa mchana nikifikiria anapanga nini yule.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwita fundi Kaburu kutoka Kanyakine. Kaburu ni mtu wa kujua. Hujamaliza kusema tatizo, amelijua. Aliweka sikio kwa giaboksi kama daktari, gari imezimwa, akasema gia ndogo ya mita imeisha meno. Nikamuuliza, na waya je? Akasema, Mama, hii kazi nimeifanya tangu nilipokuwa na nywele.

Akalala chini ya Landi. Akamwaga oili yote juu ya majani ya ng'ombe. Akaitoa ile gia. Nikaichukua, nikavaa miwani, nikahesabu meno. Yote yapo! Nikamwonyesha. Akasema yapo kwa nje, lakini yamechoka kwa ndani.

Sijawahi kusikia jino limechoka kwa ndani. Lakini yeye ndiye fundi. Anasema gia kama hiyo haipatikani tena dukani, labda kwa mzee Gachoki kule Kibugu, upande wa Embu. Huyo ana Landi kuukuu kama yetu, imekufa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeenda Kibugu kwa matatu, na begi la avokado zako. Baridi ya kule inaingia mpaka kwa mfupa wa sikio. Chai pande zote, na msitu unaanza pale pale chai inapoishia. Landi ya Gachoki imekaa katikati ya majani ya chai, haina magurudumu, na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.

Mzee amenikaribisha, akanipa uji wa moto, akauliza nimejaribu nini. Nikamwambia. Kwa yale mafuta ya kupikia alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akanifundisha, polepole, kwa kidole kwenye meza. Kwanza, toa mrija nyuma ya mita, gari isogee kidogo, tazama kama ncha ya waya inazunguka. Ikizunguka, mita ndiyo mgonjwa. Isipozunguka, vuta waya nje, uone kama umekatika. Waya ukiwa mzima, hapo ndipo unaingia chini kwa gia. Huanzi kwa gia! Ni nani ameanza kwa gia? Akasema hata mtoto wa shule anajua hilo. Nikamwambia mimi sikwenda shule. Akaomba msamaha, maskini.

Halafu akauliza kama fundi wangu alivuta waya. Nikasema aliuvuta. Sijui kwa nini nilidanganya. Nilikuwa nimetoka mbali, sikutaka kurudi na begi tupu na aibu.

Akatoa gia chini ya Landi yake, kuku wakipiga kelele. Akachukua avokado. Na nilipokuwa nikiondoka akasema anamkumbuka Muthamia. Walikutana barabarani mara nyingi, kila mtu na Landi yake. Akasema yule mzee alikuwa akisimamisha gari kabisa, katikati ya njia, kila namba ikigeuka, ili mtoto fulani mdogo amalize kusoma. Malori yalipiga honi nyuma. Yeye alingoja tu.

Nikamwambia huyo mtoto siku hizi anasoma namba za watu wengine.

Jumamosi, 9 Agosti

Kaburu amefunga gia, amejaza oili. Tumeendesha. Kimya! 99,961. Amesema basi ni mita, ipelekwe Nairobi. Nimemwambia kila kitu changu kikienda Nairobi hakirudi, na yeye aende nyumbani.

Nikafanya kama Gachoki alivyosema. Nikatoa mrija nyuma ya mita. Nikaweka jicho. Ili gari isogee kidogo nikaachilia breki ya mkono. Kajuju, uwanja wetu una mteremko, nilisahau. Mimi kichwa chini ya dashibodi, Landi inashuka, nami natafuta ncha ya waya inayozunguka. Hakuna ncha. Hakuna kitu. Tulisimama ndani ya migomba ya Gladwell.

Nikavuta. Hakikutoka kitu. Nikaingiza njiti ndefu ya ufagio. Iliingia yote. Mrija ni mtupu! Ndani ni mafuta yangu ya kupikia tu, yameganda. Mtu ameiba waya!

Nikainua macho. Mlango wa kuku wa Gladwell umefungwa kwa waya.

Nilisema yote. Nilianza na mwizi, nikapitia meno, nikaenda mpaka ile sufuria yangu aliyoazima kupikia wageni wa harusi ya mwanangu Gitobu akairudisha imebonyea. Miaka kumi na tisa sijakanyaga nyumba yake kwa sababu ya ile sufuria, hata chumvi sijaomba. Watu walisimama njiani kusikiliza. Gladwell alisimama na beseni lake, migomba yake miwili imelala chini. Mwishowe akasema, Mama Gitobu, kesho ukitoka kanisani pitia kwangu. Nikasema sipiti.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepitia.

Alitoa sanduku chini ya kitanda. Chini kabisa, chini ya vitambaa vya kochi ambavyo hatandiki, kulikuwa na kitu kimefungwa kwa karatasi ya kalenda. Waya. Umekunjwa mviringo kama nyoka aliyelala, umepakwa grisi, hauna hata kutu.

Alinieleza bila kuniangalia. Ni Muthamia mwenyewe aliyempelekea, akipita uani na fimbo, mwezi ule alipoanza kulala mchana. Alimwambia hii ndiyo nyumba pekee ambayo mke wangu hataingia kuomba kitu. Weka hapa. Siku Kajuju akija kutembea, si kwa mazishi yangu, mpe yeye mkononi. Maili zilizobaki ni zake, nataka azisome zote. Huyu mama nikimwachia atazimaliza kwa kwenda sokoni.

Mita haikuwa imechoka, Kajuju. Aliizuia. Ilikuwa inakungoja.

Na Gladwell amekaa na huo waya miaka mitatu, nikimtukana meno, nikimtukana watoto, na akanyamaza kwa sababu aliambiwa anyamaze. Jumatano aliposikia unakuja aliutoa akaupangusa.

Nikasema chai yake ina majani mengi mno. Akasema ninywe hivyo hivyo. Nikalia kidogo, kwa sababu ya majani. Akanipa kitambaa, kimoja cha vile ambavyo hatandiki.

Ile karatasi ya kalenda ina maneno nyuma. Herufi kubwa kubwa, za boneti, ili mimi niweze: 39 NI ZA KAJUJU. WEWE, ACHA.

Wewe ni mimi.

Nimemwambia Gladwell nauchukua nikautunze nyumbani. Nitautunza tu. Sitaugusa.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeugusa. Kuujaribu tu! Waya ukikaa miaka mitatu kwenye sanduku, utajuaje kama unafanya kazi? Kwanza nilisafisha mrija kwa maji ya moto, ukakauka juani siku nzima ya jana. Ncha za waya ni za mraba. Ya chini inaingia kwa gia, ya juu inaingia kwa mita. Niliingiza mwenyewe. Kaburu hajaitwa.

Nikaendesha. Mshale ukatetemeka. Ukainuka! Mbele ya kanisa, namba ya mwisho ikaanza kupanda polepole, kama mzee anayetoka kwa kiti. 99,962. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari.

Maili moja tu. Kajuju hatajua.

Jumatano, 13 Agosti

Kiwanda cha kahawa. Halafu kumwona dada yangu Kanini, ambaye ni mgonjwa. Alishangaa kusikia ni mgonjwa. 99,974.

Kila namba ikigeuka nasimamisha Landi, kama yeye. Nasoma kwa sauti. Lakini sauti moja ndani ya gari ni kitu kibaya. Nimeweka boga kwenye kiti cha katikati.

Alhamisi, 14 Agosti

Gladwell amenikamata langoni, injini ikiunguruma. Aliangalia mita. Aliangalia boga. Nilingoja matusi. Akatoa boga, akakaa yeye.

Anasoma namba haraka mno, bila ladha, kama anasoma majina ya waliochangia kanisani. Lakini anasoma. Tumeenda mbali leo, tumepita migomba na miteremko mpaka nikasahau kwa nini tulitoka. Alinionyesha shamba ambalo yeye na marehemu mumewe walitaka kununua wakakosa. Nilimwonyesha mahali Muthamia aliposimamisha Landi siku ile akaniambia, sasa kaa wewe kwa usukani, macho yangu yameanza kunidanganya. Nilikuwa na miaka hamsini na tano. Niligonga ng'ombe.

Watoto wake, amesema, huja kila mwezi na magari matatu, hula, hupiga picha, huondoka kabla vyombo havijakauka. Sikujua hilo. Nimemwambia pole. Ni pole ya kweli.

99,993.

Ijumaa, 15 Agosti

Leo tulienda sokoni Kanyakine kununua chumvi, kwa njia ndefu ya kuzunguka. Chumvi nilikuwa nayo.

Tulikuwa pale pale stendi, penye lami, watu wamejaa, ndipo Gladwell akanyamaza katikati ya kusoma. Nikamwambia soma. Akasema tisa, tisa, tisa, tisa. Akashika mdomo. Akasema, Mama Gitobu, ya mwisho inapanda! Zote zinataka kupanda!

Nilipiga breki mpaka meno yake yakatoka. Tisa zote tano zilikuwa zimeanza kuinuka, na chini yake naona vichwa vya sufuri, vyeupe, vinachungulia. Bila wewe! Na nyumbani ni maili moja mbele. Muthamia aliipima mwenyewe, kutoka stendi mpaka langoni, maili moja kamili.

Kuuchomoa waya pale katikati ya soko, na sketi hii? Nikafanya kitu cha kwanza kilichonijia. Nikaweka gia ya nyuma. Landi ikarudi kinyumenyume, nusu hatua. Gladwell akapiga yowe: zinashuka! Zinarudi chini!

Kajuju, ukienda kinyumenyume, mita inahesabu kinyumenyume! Miaka yote hii na hakuna mtu aliyeniambia!

Nikaigeuza Landi pale pale, matako yakaelekea nyumbani, na nikaenda hivyo. Maili nzima. Tukapita kinu cha posho, tukapita kanisa, tukapita karakana ya Kaburu, ambaye alitoka nje na spana mkononi akatutazama mpaka tukapotea. Gladwell ametoa kichwa dirishani akipiga kelele, kushoto, kushoto, mbuzi, kulia! Shingo yangu haigeuki tena. Mchungaji alivua kofia.

Langoni zilisoma 99,998, na ya mwisho ikitaka kupanda. Nikaizungusha Landi kwenye mti wako wa avokado mara nne. Zikanyooka. Tisa tano, zimekaa sawa kama mayai kwenye trei. Nikazima. Nikachomoa waya papo hapo. Nimempa Gladwell arudishe kwa sanduku.

Halafu nikakupigia. Ulisema uko kwenye lifti. Nikakueleza yote, haraka, kabla hujasema mwezi ujao. Ukauliza jambo moja tu: Juju, na nani alikuwa akisoma namba? Nikasema boga. Ukacheka. Halafu hukucheka. Halafu nikasikia mlango wa lifti ukifunguka na kujifunga, kufunguka na kujifunga, nawe hushuki.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekula maili zako thelathini na nane, Kajuju. Babu yako aliniandikia niache, na kwa herufi kubwa. Sikuacha. Nisamehe. Imebaki moja. Hiyo sitaigusa. Gladwell ameweka kufuli kwa sanduku na ufunguo ameufunga kwenye kitambaa cha kichwa chake, maana ananijua.

Lakini nimelala nikifikiria. Kinyumenyume inarudisha! Kwa hivyo zikifika sufuri, mbuzi akaliwa, nawe ukarudi kwa lifti yako, mimi sina haja ya kukaa nikihesabu Krismasi. Nitamwomba Gladwell ule waya siku moja tu, kuujaribu. Nitaingia Landi, nitaangalia nyuma, na nitarudi kinyumenyume maili kumi. Ishirini, kama shingo itakubali. Halafu nakupigia: Kajuju, zimekaribia tena! Na ahadi ni ahadi. Gladwell nimeshamwambia. Amesema mimi ni mwendawazimu, kisha akauliza tutaanza lini.

Sasa sikiliza vile utakavyokuja. Shuka Kanyakine, stendi, upande wa lami. Usipande bodaboda. Usianze kutembea. Vaa viatu vya chini, maana utalala chini ya gari. Nitakuja na Landi bila waya, isihesabu, na Gladwell atakuwa nyuma na waya kwenye kalenda. Akupe mkononi, kama alivyoagizwa. Ingiza mwenyewe, ncha ya chini kwanza. Halafu weka simu kwa begi, kaa kiti cha katikati, toa boga, na usome kwa sauti. Polepole. Miwani yangu nitaiacha nyumbani makusudi.